Umeachishwa kazi: namna ya kufika CMA kabla siku 30 hazijaisha, na wakati wa kumtafuta wakili

Ujumbe ninaoupokea mara kwa mara unafanana. Mtu ameachishwa kazi. Ameambiwa asubiri, malipo yake yanashughulikiwa. Amesubiri. Amepiga simu ofisini, amepigwa danadana, amekwenda kwa afisa kazi, ameandika barua ya kwanza na ya pili. Anapokuja kuuliza afanyeje, siku arobaini na kitu zimeshapita tangu apewe barua. Haki yake bado ipo, ila njia ya kuidai imeshakuwa na kizuizi ambacho hakikuwepo wiki mbili nyuma.

Wengine wanawahi, lakini wanajaza fomu vibaya. Wanamtafuta wakili baada ya kushindwa, na wakili anakuta amefungwa mikono na kile kilichoandikwa mwanzoni. Nimeyaona haya mara nyingi mno, ndiyo maana naandika hatua zote za kufika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hapa, moja baada ya nyingine.

## Kwanza hakikisha mwongozo huu ni wako

Unamhusu mfanyakazi wa Tanzania Bara anayelindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria na vyombo vyake vya kazi. Askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT wana utaratibu wao.

Mtumishi wa umma naye asikimbilie CMA. Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka amalize kwanza ngazi za rufaa za ndani ya utumishi. Ukiziruka, shauri lako litaondolewa hata kama ulionewa waziwazi.

Jambo jingine ni muda uliokaa kazini. Kama hujafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo, ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haukuhusu. Mshahara uliokwisha kuufanyia kazi unabaki kuwa wako na unaweza kuudai.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kuandika chochote kabla hujavikusanya hivi:

- Barua ya kuachishwa kazi, pamoja na bahasha yake kama ilikuja kwa posta.
- Mkataba wa ajira. Kama hukupewa, barua ya kuanza kazi, kitambulisho cha kazi au fomu yoyote uliyosaini.
- Slipu za mshahara au taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha mshahara ukiingia.
- Taarifa ya michango yako ya NSSF. Inaonyesha mwajiri ni nani na amekuwa akikuchangia tangu lini.
- Barua za onyo, wito wa kikao cha nidhamu na muhtasari wa kikao kama upo.
- Meseji za simu na WhatsApp kati yako na msimamizi wako. Usizifute, na usibadilishe simu bila kuzihifadhi.
- Daftari dogo la kuandika tarehe.

Watu wengi wanakata tamaa hapo kwenye mkataba: "Mimi sikuwahi kupewa mkataba, sina haki." Si kweli. Kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri. Asipoyatoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai wewe unamwangukia yeye. Mtu aliyefanya kazi miaka mitatu bila karatasi si kibarua wa kupita.

## Hatua ya 1: Pokea barua bila kusaini usichokikubali

Siku ya kuachishwa mtu anakuwa na hasira au aibu, na hapo ndipo karatasi nyingi zinasainiwa bila kusomwa. Karatasi ya hatari zaidi ni ile inayosema umepokea stahiki zako zote na huna madai mengine. Ukiisaini, utatumia nguvu nyingi baadaye kueleza kwa nini uliisaini.

Kupokea barua si kosa. Andika pembeni ya sahihi yako: "Nimepokea nakala, sikubaliani na yaliyomo." Weka tarehe na saa. Omba nakala. Wakikunyima, ipige picha kabla hujairudisha mezani.

Kuna mtego mwingine unaokuja kwa sauti ya huruma: "Andika mwenyewe barua ya kuacha kazi, tutakulipa vizuri na hatutaharibu jina lako." Ukishaandika, kwenye karatasi wewe ndiye uliyeacha kazi. Sheria inamtambua mfanyakazi aliyelazimika kuacha kwa sababu mwajiri aliyafanya mazingira yasivumilike, lakini hapo wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha, na si rahisi. Ukiwekwa kwenye kona hiyo, sema unaomba siku mbili za kufikiri. Toka humo ofisini, nenda kamwone wakili au kiongozi wa chama chako.

## Hatua ya 2: Anza kuhesabu siku leo

Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Migogoro mingine, kama mshahara uliozuiwa ukiwa bado kazini, ina siku 60 tangu ilipotokea.

Siku ya kwanza haihesabiwi. Ukikabidhiwa barua tarehe 19 Machi, siku yako ya kwanza ni tarehe 20 Machi na ya thelathini ni tarehe 18 Aprili. Chukua kalenda ya ukutani uizungushie duara hiyo tarehe 18. Kisha zungushia duara nyingine wiki moja kabla yake, na hiyo ya pili ndiyo uifanye tarehe yako ya mwisho.

Kinachowaumiza watu ni kuamini kwamba mazungumzo yanasimamisha siku. Hayasimamishi. Simu kwa afisa rasilimali watu haisimamishi, barua ya kudai haisimamishi, wala ahadi ya "njoo mwisho wa mwezi". Hata rufaa ya ndani ya kampuni usiitegemee. Kisheria unaweza kuhesabu kuanzia uamuzi wa mwisho wa mwajiri, lakini akikaa kimya miezi miwili utabaki unabishana kuhusu tarehe. Kata rufaa ya ndani ukitaka, na CMA nenda ndani ya siku 30 za barua ya kwanza. Kuzungumza na mwajiri kunaweza kuendelea hata shauri likiwa limeshasajiliwa.

Dada mmoja aliyekuwa mpakiaji wa kiwandani aliniletea barua yake ikiwa imekunjwa mara nne, imo ndani ya kava la simu. Juu iliandikwa tarehe 3. Yeye alipewa tarehe 19, getini, na mlinzi. Kwa kufuata tarehe ya barua, zilikuwa zimepotea siku 16. Nilimuuliza kama alisaini popote, akakumbuka daftari la mlinzi, lile kubwa lenye jalada jeusi. Alirudi, akamwomba mlinzi kwa upole, akapiga picha ukurasa wote: jina lake, "barua", sahihi yake, tarehe 19. Ile picha ndiyo iliyozima hoja ya mwajiri kwamba amechelewa.

Kwa hiyo popote utakapopokelea barua, tarehe ya kuipokea iandikwe, na ionekane kwamba ni yako.

## Hatua ya 3: Jua mgogoro wako ni wa aina gani

Hatua hii inataka utulivu kuliko zote. Jiulize maswali matatu.

Sababu iliyotajwa ni halali? Mwajiri anatakiwa awe na sababu inayotokana na mwenendo wako, uwezo wako wa kazi, kutoelewana kazini kusikotibika, au mahitaji ya uendeshaji wa biashara. "Hatukuhitaji tena" bila maelezo si sababu.

Utaratibu ulifuatwa? Kwa kosa la nidhamu unatakiwa upewe tuhuma kwa maandishi, upewe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, usikilizwe na mwenyekiti asiyehusika na tuhuma, na uruhusiwe kuwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Kwa kupunguzwa kazi, mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kabla ya kuamua. Kikao cha dakika kumi cha kusomewa majina si mashauriano.

Mkataba wako una mwisho? Hapa ndipo mashauri mengi yanapofia. Mkataba wa muda maalumu, mfano wa miaka 2, ukikatishwa katikati, mara nyingi dai lake ni la kuvunjwa kwa mkataba, na unachodai ni ile miezi iliyobaki. Ukiisha kwa tarehe yake, kwa kawaida ajira imekwisha, isipokuwa kama mwajiri alikupa matarajio yenye msingi kwamba utaongezwa. Mkataba usio na mwisho una njia tofauti.

Utajua umemaliza hatua hii pale utakapoweza kusema kwa sentensi moja: "Niliachishwa bila sababu na bila kusikilizwa," au "Mkataba wangu wa miaka 2 ulikatishwa ikiwa imebaki miezi 15." Kama sentensi haitoki, usiijaze fomu bado.

## Hatua ya 4: Amua kama unahitaji wakili, na uamue sasa

Si kila shauri linataka wakili. CMA ilikusudiwa mfanyakazi aweze kuingia mwenyewe, na kusajili mgogoro hakulipiwi. Unaweza kuwakilishwa na wakili, na ofisa wa chama chako cha wafanyakazi, au na mwakilishi binafsi uliyemchagua. Kama ulikuwa unakatwa ada ya TUICO, CHODAWU, TAMICO, TPAWU au chama kingine, huduma hiyo umeshailipia. Nenda ukaidai.

Unaweza kujaribu mwenyewe kama dai ni dogo na liko wazi: mshahara wa mwezi mmoja, notisi, likizo, cheti cha utumishi.

Mwone wakili kabla ya kujaza fomu kama una mojawapo ya haya:

- Mkataba wa muda maalumu.
- Ulisaini barua ya kuacha kazi au karatasi ya kumaliza madai.
- Unatuhumiwa wizi au udanganyifu na kuna kesi ya jinai, au polisi wameshakuita. Unayoyasema CMA yanaweza kukugusa kule.
- Siku 30 zimeshapita.
- Uliachishwa kwa ujauzito, ugonjwa, ulemavu, dini, au shughuli za chama cha wafanyakazi.
- Mwajiri amebadili jina la kampuni au ameiuza, au uliajiriwa kupitia wakala na hujui umshitaki nani.

Narudia neno "kabla" kwa makusudi. Wakili unayemwona siku ya kumi anajenga shauri. Wakili unayemwona baada ya tuzo, yaani uamuzi wa mwisho wa CMA, kutoka anatafuta makosa kwenye mwenendo wa shauri, na makosa yenyewe yanaweza kuwa yako.

Kama huna fedha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa huduma za bure. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), WLAC na TAWLA wamekuwa wakisaidia watu kwa miaka mingi, na wilayani wapo wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria atakuelekeza na kukuandalia nyaraka, ila yeye si wakili.

Ukimlipa wakili, kubaliana naye kwa maandishi: analipwa kiasi gani, kwa hatua ipi, na nani analipa nauli na nakala. Dai risiti. Hakikisha ni wakili kweli na leseni yake ni hai. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama upo kwa ajili hiyo, na Chama cha Wanasheria Tanganyika kinaweza kukujibu. Vishoka wanaozunguka nje ya mahakama na ofisi za kazi huchukua pesa, hujaza fomu ovyo, na hutawaona siku ya shauri.

Ukienda, nenda na karatasi zako zikiwa zimepangwa kwa tarehe, na karatasi moja ya matukio: tarehe, kilichotokea, nani alikuwepo. Usimfiche wakili baya lolote. Kama kweli ulichelewa kazini mara tano, mwambie. Litakuja kusemwa tu na mwajiri, na heri wakili wako awe ameshalijua.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya madai yako

Usiandike "nilipwe stahiki zangu zote". Andika kila dai na kiasi chake.

Tuchukue mfanyakazi wa mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, aliyekaa miaka 4 na miezi 7, akaachishwa bila notisi tarehe 10 ya mwezi akiwa amefanya kazi siku 9.

Mshahara wa wiki unapatikana kwa kugawa wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa siku unagawa kwa 6. Hapa inakuja takriban shilingi 20,000 kwa siku.

Siku alizofanya kazi: 20,000 × 9 = 180,000.

Notisi: kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na kwa kawaida hulipwa mshahara wa mwezi mmoja, 520,000.

Kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10, kwa aliyekaa angalau miezi 12. Hiyo miezi 7 ya mwisho haihesabiwi. 7 × 20,000 × 4 = 560,000. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo.

Likizo: mshahara wa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi tangu mzunguko wa likizo ulipoanza, kama hakuichukua.

Nauli: kama uliajiriwa Mwanza ukaachishwa kazi Dar es Salaam, mwajiri anapaswa kukurudisha na mizigo yako Mwanza, au akulipe gharama zake, na posho ya kujikimu wakati unasubiri kusafirishwa. Watu wanalisahau dai hili kila mara.

Cheti cha utumishi: hakina bei, lakini kidai. Ajira mpya itakiuliza.

Juu ya haya ndipo linapokuja dai la kuachishwa isivyo haki lenyewe: kurudishwa kazini au fidia inayohesabiwa kwa mishahara ya miezi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Malipo ya mwisho unastahili hata kama uliachishwa kwa haki, isipokuwa pale sheria inapokatalia. Fidia inakuja pale tu mwajiri alipokosea.

Angalia pia NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwako mwajiri hawezi kukata zaidi ya asilimia 10. Ukikuta miezi mitupu wakati slipu inaonyesha ulikatwa, peleka slipu hizo ofisi ya NSSF, nao wana mamlaka ya kumdai mwajiri.

## Hatua ya 6: Jaza Fomu ya CMA F1 kana kwamba ndiyo kesi yenyewe

Hii ndiyo fomu ya kupeleka mgogoro CMA, na kwa kweli ndiyo kesi yenyewe. Usichokiandika humo hutakipata baadaye kwa urahisi, na ulichokiandika vibaya kitakufuata hadi Mahakama Kuu.

Jina la mwajiri liwe jina kamili la kisheria, lile lililo kwenye mkataba au slipu. Jina la kwenye bango la getini linaweza kuwa la biashara tu. Tuzo dhidi ya jina lisilokuwepo haitekelezeki.

Aina ya mgogoro itokane na ile sentensi ya hatua ya 3. Fomu ina sehemu B ambayo ni ya migogoro ya kuachishwa kazi isivyo haki peke yake. Dereva mmoja mwenye mkataba wa miaka 2 aliweka alama kila kisanduku alichokiona kinamfaa: kuvunjwa kwa mkataba, kuachishwa isivyo haki, mshahara. Akajaza na sehemu B. Alidhani akidai kwa njia mbili atapata hata moja. Shauri lilitupwa kwa sababu haikueleweka analalamikia nini. Ukilalamikia kuvunjwa kwa mkataba, usijaze sehemu B.

Tarehe mgogoro ulipotokea iendane na tarehe uliyoipokea barua, na ushahidi wake uwe nao mkononi.

Matokeo unayotaka yaandikwe yote na viasi vyake. Kama nafasi ni ndogo, ambatisha karatasi.

Mpe mtu mwingine aisome fomu bila wewe kumweleza chochote. Akikuambia kwa maneno yake nani amekukosea, lini, kwa jambo gani na unataka nini, fomu iko sawa.

## Hatua ya 7: Mpelekee mwajiri nakala, kisha sajili

Wengi wanakimbilia dirishani CMA na kurudishwa. Tume inataka kuona kwamba mwajiri ameshapata nakala.

Toa nakala tatu na uzisaini. Peleka moja kwa mwajiri, mapokezi au kwa afisa rasilimali watu, na nakala yako igongwe mhuri au isainiwe kwa jina na tarehe. Wakigoma kupokea, usigombane nao. Tuma kwa posta ya rejista na utunze risiti.

Sajili katika ofisi ya CMA ya eneo ambalo mgogoro ulitokea. Ulifanya kazi Geita na sasa umerudi kwenu Kigoma? Mgogoro ni wa Geita.

Usitoke kabla nakala yako haijagongwa mhuri wa Tume wenye tarehe na kupewa namba ya mgogoro. Ipige picha ikiwa bado mbichi.

## Kama siku zimeshapita

Usikate tamaa, wala usijifanye hujachelewa. Pamoja na F1, jaza Fomu ya CMA F2 ya kuomba kuongezewa muda, ukiambatisha hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kwamba ni ya kweli. Humo utaeleza umechelewa siku ngapi, kwa nini, shauri lako lina uzito gani, na nani ataumia zaidi ombi likikubaliwa au likikataliwa.

Sababu inatakiwa ifunike kila siku iliyopotea. Ulilazwa siku 12? Leta karatasi ya hospitali ya siku hizo 12, kisha eleza na siku 9 zilizobaki ulikuwa wapi. "Sikujua sheria" haikubaliwi. "Tulikuwa tunaendelea na mazungumzo" nayo ni dhaifu. Hapa nakusihi utafute wakili, hata wa siku moja, wa kuandika kiapo hicho tu.

## Hatua ya 8: Usuluhishi

Tume ina siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Msuluhishi si hakimu. Anawasikiliza, wakati mwingine mmoja mmoja, na kutafuta mnapoweza kukutana. Mnayoyasema humo hayatumiki kama ushahidi baadaye, kwa hiyo unaweza kutaja kiasi cha chini bila kuogopa.

Hudhuria. Usipofika wewe uliyelalamika, shauri linaweza kutupwa. Asipofika mwajiri, msuluhishi anaweza kuliamua.

Ingia ukiwa na namba mbili kichwani: unayoitaka, na ya chini kabisa utakayoikubali. Ukijadiliana ukiwa na namba moja tu, utaondoka na hasira. Kwangu mimi, kulipwa kiasi kizuri wiki ijayo mara nyingi ni bora kuliko tuzo kubwa baada ya miaka miwili ya mahakama, lakini uamuzi huo ni wako, usiachie mtu akusukume.

Makubaliano yaandikwe hivi: kiasi kamili, tarehe ya kulipa, namba ya akaunti, cheti cha utumishi lini. "Atalipwa mapema iwezekanavyo" hayatekelezeki. Ukishasaini yanakufunga kama yanavyomfunga mwajiri, kwa hiyo soma kila mstari, na kama kuna neno hulielewi, omba dakika chache umpigie mtu simu.

Msipokubaliana utapewa hati ya kuonyesha usuluhishi umeshindikana, na mgogoro utapelekwa kwa mwamuzi.

## Hatua ya 9: Mbele ya mwamuzi

Hapa ni ushahidi. Unaapa, unahojiwa, vielelezo vinapokelewa. Kwenye kuachishwa isivyo haki, mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu na alifuata utaratibu, hivyo kwa kawaida ndiye anayeanza. Kwenye kuvunjwa kwa mkataba, wewe uliyedai ndiye unayethibitisha.

Karatasi iliyo mfukoni mwako si ushahidi mpaka uombe ipokelewe kama kielelezo. Nimemwona mtu akiishika barua muhimu mkononi muda wote wa maelezo yake, akairudisha kwenye bahasha, akaketi. Mwamuzi hakuisoma kamwe, kwa sababu haikupokelewa.

Meseji za WhatsApp zinaweza kupokelewa kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Zichapishe, njoo na simu yenyewe, na uwe tayari kueleza namba ni ya nani na hazijabadilishwa.

Kwenye maswali ya dodoso, yale unayoulizwa na upande wa pili, jibu ulichoulizwa tu. "Ndiyo", "hapana" na "sikumbuki" ni majibu kamili. Shahidi mmoja aliyeona kwa macho yake anatosha kuliko watatu waliosimuliwa.

## Hatua ya 10: Baada ya tuzo

Mwamuzi anatakiwa kutoa tuzo yenye sababu ndani ya siku 30 baada ya usikilizwaji kumalizika. Fuatilia nakala yako na uandike tarehe uliyoipokea.

Asiyeridhika ana wiki 6 za kuomba marejeo, yaani tuzo ipitiwe upya, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ukifika huko, hata kama uliendesha mwenyewe mpaka hapo, mtafute wakili. Makosa ya kiufundi kwenye hati za mahakama yanaua mashauri mazuri.

Ukishinda na mwajiri akanyamaza, tuzo inapelekwa mahakamani kukaziwa kama hukumu, yaani mahakama imlazimishe kuitekeleza. Mwajiri akija kukulipa, lipwe benki, hesabu kila dai dhidi ya tuzo, na karatasi atakayokupa uisaini tu baada ya kuona fedha zimeingia.